Shangazi, manesi hawaipati poti yangu, wanasema ni unene

Asalaam aleykum Shangazi, na shikamoo. Mie mama wa miaka 46 nakaa Kisauni, nilikuwa nauza viazi karai na bajia jioni hapo nje kwetu kabla haya maradhi hayajanikalisha. Nina saratani ya ziwa, la kushoto lilishakatwa pamoja na zile tezi za kwapani, alhamdulillahi kidonda kilipona. Sasa niko kwenye kemo, ile ya dawa nyekundu kila baada ya wiki tatu, niliambiwa nitapigwa nne halafu nihamishiwe nyingine ya kila wiki mara 12. Nakwambia mapema kabisa usije ukadhani nakuficha, mie ni mnene, kilo 118, na urefu wenyewe ni ule wa kupanda kigoda nikitaka sukari kabatini.

Ya kwanza nilitiliwa mkononi, mkono wa kulia, kwa vile wa kushoto walishakataza usichomwe wala usipimwe presha. Ule mshipa mpaka leo ni mweusi na mgumu ukiushika utadhani waya wa antena. Daktari akasema hii mishipa yako mama haitafika mwisho wa safari, tukutie poti. Nikatiwa, kidude kama kifungo cha koti kimewekwa chini ya ngozi kifuani upande wa kulia, na kamrija kake kameingia kwenye mshipa mkubwa. Nikaambiwa shida zako za sindano zimekwisha.

Na kweli dozi ya pili haikuwa na shida. Alikuwepo nesi mmoja mtu mzima, mama hana maneno mengi, akanilaza chali kitandani, akamvisha binti yangu glavu akamwambia shika ziwa la mamako livute chini namna hii, yeye akawa anabonyeza bonyeza juu ya kifua kama mtu aliyeangusha pete kwenye unga wa mahamri, akachoma mara moja tu, damu ikaja, kwisha. Nilirudi nyumbani namsifia kwa kila mtu.

Sasa Jumanne iliyopita ndo yalonikuta. Nimetoka saa kumi na moja alfajiri, foleni ya daraja la Nyali unaijua, nafika vitanda vimejaa nikapewa kiti cha plastiki. Yule mama nasikia yuko likizo. Akaja kijana wa kiume, mpole sikatai, ila mie nimevaa dera, na dera halina kifungo, ikabidi lishushwe shingoni mpaka bega liko nje na watu wamejaa pale chumbani wengine ni wanaume, nikawa nashika kitambaa kwa mkono mmoja nguo isianguke. Akachoma hakuipata. Akachoma tena. Akamuita mwenzake, huyo mwenzake akauliza hakuna ndefu zaidi? akajibiwa hii ya robo tatu ndo imebaki. Wakachoma mara mbili. Akaja wa tatu, huyo ndo aliyesema, na alisema kwa sauti Shangazi, "mama na mafuta yote haya tutaipatia wapi, si upunguze mwili ndo uje." Watu wengine walicheka. Mie nilitizama sakafu.

Huyo wa tatu ndo akasema nimeingia. Akavuta, damu haikuja. Akasema haidhuru, maji yanaingia, wakaanza kusukuma maji, na mie nikahisi moto hapa kifuani halafu pakafura kama andazi, nikapiga kelele. Wakatoa. Dawa nyekundu haikutiwa, nikaambiwa nenda nyumbani urudi Jumanne. Hivi sasa uvimbe umeshapungua, pamebaki na alama ya kijani kijani, homa sina.

Nimelia wiki nzima. Mume wangu hasemi kitu, anapika chai ananiwekea, ndivyo alivyo. Wifi yangu yeye kaleta majani ya kupunguza tumbo ati ninywe asubuhi na jioni mpaka Jumanne nitakuwa nimepungua wataipata poti. Jirani anasema niitoe tu, mwili umeikataa.

Shangazi nataka kujua, hii poti imekwenda wapi, imezama? Niwaambie waitoe nirudi kwenye mkono? Ninywe hayo majani? Na kwa wanene kama sisi hii kitu si yetu ama vipi, mbona hawakusema kabla? Swali la mwisho naona haya hata kuliuliza, kuna harusi ya mtoto wa dadangu, ni Jumamosi inayofuata dozi kwa siku 18 hivi ikiwa nitapigwa Jumanne hii, naruhusiwa kwenda? Maana mie ndo hucheza chakacha pale, wananijua.

Ni mie,
Mama Viazi wa Kisauni

*

Waaleykum salaam mwanangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikacheka peke yangu, si kwa ubaya, ni kwa sababu jawabu umeliandika mwenyewe halafu ukaliruka. Rudi kule juu kwa yule nesi mtu mzima. Mwili ulikuwa huo huo, poti hiyo hiyo, kilo labda zilipungua au kuongezeka mbili. Akachoma mara moja damu ikaja. Wiki tatu baadaye watu watatu, sindano tano, hakuna kitu. Sasa niambie, unene uliingia katikati hapo? Kilichobadilika ni vitu vitatu, ulikuwa umelala sasa umekaa, kulikuwa na mkono wa kuvuta ziwa sasa hakuna, na sindano ni ya robo tatu kwa sababu ndo imebaki. Yule wa pili aliyeuliza "hakuna ndefu zaidi?" alikuwa ameshaijua shida ni nini, basi tu hakuna aliyemsikiliza, hata wewe hukumsikia kwa vile maneno ya yule wa tatu yalikuziba masikio.

Wacha nikueleze hicho kidude chenyewe kilivyo ndo utaelewa. Poti ni kama kijisahani cha titani au plastiki ngumu, juu yake kina mfuniko wa mpira wa silikoni mnene, na ubavuni pametoka mrija unaokwenda kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo. Hizi hazikuletwa jana, zinatumika tangu miaka ya themanini mwanzoni. Sindano inayotumika si hizi za kawaida, inaitwa sindano ya Huber, ncha yake imepindwa kidogo ili ipenye mpira bila kuumega, ikitoka mpira unajifunga tena. Huyo Ralph Huber mwenyewe alikuwa daktari wa meno kule Seattle, Marekani, hayo ni yangu tu nakupasha. Ile sindano ya kawaida ya kuchomea matakoni ikitumika kwenye poti inakata kijipande cha mpira kila ikiingia, na baada ya muda poti inaanza kuvuja, kwa hivyo siku ukiona mtu anakuja na hiyo, kataa, hata kama umekaa foleni tangu alfajiri.

Sasa hizo sindano za Huber zina urefu tofauti tofauti. Robo tatu ya inchi ni kama milimita 19. Ipo ya inchi moja, milimita 25, na ipo ya inchi moja na nusu, milimita 38. Sindano ina kazi nne mfululizo, ipite ngozi, ipite mafuta, ipite mpira, ifike igonge sakafu ya poti. Ikigonga, nesi anaisikia kidoleni, ni kama umetoboa embe mpaka kokwa. Kwa mtu mwembamba robo tatu inatosha na inabaki. Kwa mama wa kilo 118 aliyekaa wima, hiyo milimita 19 pengine imekwisha kabla haijaufikia mpira wenyewe, au imeugusa nusu, na hapo ndo pabaya zaidi kwa sababu nesi anahisi kaingia. Yale mabawa ya plastiki ya sindano yanabaki kuzama kwenye ngozi, anasukuma kwa nguvu, anadhani poti ndo ngumu. Maji yakaenda mafutani badala ya kwenda mshipani. Ule moto uliousikia na ule uvimbe wa andazi ndo huo.

Na kukaa kunaharibu zaidi, hasa kwa mwanamke mwenye ziwa zito. Ukikaa, uzito wote unashuka, unavuta ngozi na mafuta ya juu ya kifua, na poti nayo inainama inatizama kando badala ya kutizama mbele, kwa hivyo hata sindano ndefu ingeweza kugonga ukingo. Ukilala chali nyama inatawanyika, kifua kinakuwa bapa, mafuta juu ya mbavu yanapungua unene, na mtu akivuta ziwa kwenda chini au kando ngozi inakazika. Hapo nesi anaweza kuibana poti kwa vidole vitatu, gumba huku, viwili kule, isicheze, halafu anabonyeza kabisa kabisa kwa nguvu, anachoma wima katikati ya vidole. Bila kuibana inateleza kama sabuni. Yule mama hakufanya miujiza, alifanya hivi tu.

Umeuliza imezama? Sidhani, kama ilipatikana wiki tatu zilizopita. Ila kuna jambo moja nataka liangaliwe kabla hujachomwa tena, poti inaweza kugeuka. Huwa inashonewa isitembee, lakini kwenye kifua kizito nyuzi zinaweza kuachia, ikageuka mgongo juu, na ikigeuka hata uje na sindano ya kushonea magunia utakuwa unachoma chuma. Eksirei ya kifua inaonyesha mara moja imekaa vipi na mrija wake uko wapi. Na ultrasaundi ile ile wanayopigwa waja wazito inaweza kuonyesha poti iko chini milimita ngapi, wakaweka alama ya kalamu juu ya ngozi, na wakajua sindano ya kuchukua badala ya kubahatisha. Mwambie daktari waziwazi, "wiki iliyopita walichoma mara tano, maji yakaingia mwilini pakafura, naomba eksirei kwanza na kama inawezekana ultrasaundi ya kupima kina." Hiyo ni sentensi moja, ikariri ukiwa kwenye tuktuk.

Kuhusu "haidhuru, maji yanaingia." Hapa mwanangu ndo napata hasira na nitaandika kwa herufi kubwa kama vijana, HAPANA. Ile dawa nyekundu, doksorubisini, ni katika zile dawa ambazo zikimwagika nje ya mshipa zinaozesha nyama. Si vidonda vya kupaka dawa vikapona, ni nyama inayokufa mpaka watu wanafanyiwa upasuaji wa kupandikizwa ngozi. Kwa hivyo sharti lake ni moja, damu ionekane kwenye mrija kabla dawa haijafunguliwa. Damu isipokuja, kuna mambo ya kujaribu, ukohoe, uvute pumzi, uinue mkono, ugeuze shingo, ulale, maana wakati mwingine ncha ya mrija imegusana na ukuta wa mshipa tu. Wakati mwingine kuna utando umeota kwenye ncha, unafanya kama kifuniko, maji yanakwenda lakini damu hairudi, na huo una dawa yake ya kuuyeyusha au wanapiga picha kwa dawa ya rangi waone. Yote hayo ni ya kuchelewa saa moja mbili au hata kurudi siku nyingine. Wewe ulipiga kelele, na kelele hiyo ilikuepusha. Laiti ungenyamaza kwa haya, kama wengi wetu tunavyonyamaza, sijui tungekuwa tunaongea nini leo. Hayo yaliyoingia yalikuwa maji ya chumvi, mwili unayanyonya wenyewe, na hiyo rangi ya kijani ni damu ya kawaida ya kuvilia. Pakianza kuwa pekundu, pa moto, pakatoa maji, au ukapata homa kufika 38, usingoje Jumanne, nenda hata usiku. Na siku yoyote poti ikisukumwa maji halafu baada ya muda ukatetemeka baridi kama una malaria, sema, huenda ni wadudu wameingia kwenye poti yenyewe.

Kuna jambo dogo watu wanalisahau. Wakikuchoma umelala halafu wakakuambia haya inuka ukae, nyama inarudi chini na inaweza kuivuta sindano ikachomoka kidogo kwenye mpira, hasa ikiwa fupi, hata kama damu ilikuja vizuri ulipokuwa umelala. Kwa hivyo ukishakaa waombe wavute damu tena kabla dawa haijaanza. Kama kuna kitanda, bora ubaki umelala nusu. Na ile ndefu nayo isiwe ndefu kupita kiasi, ikibaki nje inayumba kama nguzo ya Telkom, wanaweka kitambaa cha shashi chini ya mabawa ili itulie lakini tundu lenyewe lionekane.

Sasa sindano ndefu utaipata wapi. Usiende kununua dukani peke yako kama anayenunua nyuzi Marikiti. Piga simu kliniki siku mbili tatu kabla, au mtume binti akaulize, "mamangu ana poti na ni mtu mzito, mna sindano ya Huber ya inchi moja na nusu siku hiyo?" Wakisema hawana waulize wanataka saizi gani ya unene, maana zina namba, na wapi wao wenyewe huagiza, ndo utafute. Na kwenye kile kikaratasi ulichopewa siku ulipotiwa poti kuna aina yake, kipige picha kwenye simu uwe nacho. Kama hukupewa, kipo kwenye faili lako, kiombe.

Kuitoa urudi kwenye mkono, hapana, si sasa. Mkono wa kushoto umekatazwa na tezi zake zimetolewa, wa kulia una waya wa antena tayari. Bado una nyekundu mbili na zile 12 za kila wiki, hesabu ni 14, mkono mmoja hauwezi. Lakini ikiwa eksirei itaonyesha imekaa vibaya, au kipimo kikaonyesha iko chini sana, basi inaweza kusogezwa. Kwa watu wanene madaktari wazuri huiweka juu zaidi na karibu na mfupa wa katikati ya kifua, pale ambapo hata mtu wa kilo 150 hana mafuta mengi, bonyeza mwenyewe utaona, mfupa uko pale pale. Haitakiwi kuzikwa ndani ya nyama ya ziwa. Wengine huwekewa ya mkononi. Kwa hivyo ukiuliza kama poti si ya wanene nakujibu ni yetu sana, maana mimi pia si mwembamba, na wanene mishipa ya mkono ndo haionekani kabisa, sisi ndo tunaihitaji kuliko wale ambao mshipa wao unauona ukiwa mlangoni. Walichotakiwa kukwambia mapema ni kwamba itakuwa na mahitaji yake.

Majani ya wifi, mrudishie kwa upole, mwambie Shangazi kakataza, nitabeba lawama. Majani hayo mengi kazi yake ni kukuendesha choo, na mtu wa kemo akiharisha anaishiwa maji na chumvi, damu inavurugika, dozi inaahirishwa tena. Mengine yanagombana na dawa kwenye ini. Na hata ukipungua kilo tatu mpaka Jumanne hazitatoka juu ya poti, zitaishia chooni. Mwili utaushughulikia ukishamaliza matibabu, taratibu, kwa raha zako. Wakati huu kula, mayai, samaki, maharage, mbaazi. Tena jingine, kemo hupimwa kwa urefu na uzito wako halisi, na zamani kuna madaktari walikuwa wakiwapunguzia wanene dozi kwa kuogopa, mwaka 2012 chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, ASCO, kikatoa mwongozo kwamba wapewe dozi kamili kwa uzito wao. Hilo usiligombanie, nakwambia tu ujue kilo zako zina hesabu yake na hazikufanyi uwe mgonjwa wa daraja la pili.

Yule aliyesema maneno yale mbele za watu, nimekaa wodini miaka mingi kabla sijastaafu na nitakwambia siri ya jikoni kwetu, nesi akikosa mshipa mara mbili hutafuta wa kumlaumu, na mgonjwa ndo yuko karibu. Si haki. Sheria tuliyofunzwa ni kujaribu mara mbili halafu unamuita aliyekuzidi, si kungojea wa tano. Jumanne ukifika sema kabla hawajafungua sindano, bila ugomvi, "yule mama aliyenitia mara ya pili yupo? Alinilaza, akavuta ziwa chini, akapata mara moja." Kama hayupo, waeleze alivyofanya. Nesi mwenye akili atafurahi, umemrahisishia. Na una haki ya kuomba mwanamke akuhudumie, na pazia, hiyo si kujidai. Akiwa hayupo mwanamke na yule wa pili aliyeuliza sindano ndefu ndiye aliyepo, mkubali, mie naona ndiye mwenye jicho kati yao wote.

Nguo sasa. Dera la siku hiyo acha nyumbani. Funga leso kifuani chini ya kwapa, juu yake vaa blauzi ya vifungo au buibui la kufunguka mbele, wakifungua vifungo viwili vya juu ziwa limestiriwa na leso na poti iko wazi. Leso hiyo hiyo binti anaishika anavuta ziwa kwa chini bila mkono wake kugusa mahali palipopakwa dawa. Sindiria usivae yenye mkanda unaopita juu ya poti, mkanda huo unabonyeza mchana kutwa na ukiwa na uzito wetu unakata. Mkoba beba bega jingine, ila usiwe mzito kwa vile ule mkono wa kushoto nao tunaulinda. Asubuhi hiyo oga vizuri, jikaushe kwenye mikunjo, usipake poda, usipake mafuta ya nazi wala losheni kifuani, najua joto letu lilivyo mtu akitoka bafuni keshaanza kuloa, lakini plasta haishiki kwenye mafuta na jasho, na plasta ikiachia njiani ndo mlango wa wadudu. Wao watasugua kwa dawa ya spiriti yenye kloheksidini na wangoje ikauke yenyewe, ukiona anapuliza kwa mdomo mwambie mwanangu subiri. Kuna pia krimu ya ganzi ya duka la dawa, unapaka saa moja kabla na kufunika na nailoni, muulize daktari akuandikie. Inaua maumivu ya ngozi tu, chini huko utasikia kubonyezwa, lakini nusu ya hofu inaondoka.

Bado harusi, na hilo ndo swali ulilolionea haya wakati ndo zuri kuliko yote. Kwa dawa yako chembe nyeupe za damu, wale askari wa mwili, hushuka chini kabisa kati ya siku ya 10 na ya 14 hivi, halafu zinapanda, siku ya 18 mara nyingi umeshavuka bonde. Uliza daktari kama watakupima damu kabla, wakisema iko sawa, nenda. Kaa karibu na mlango penye upepo, mwenye mafua asikukumbatie hata akiwa bibi harusi mwenyewe, na kwenye sinia la pilau usitie mkono na wenzio, omba sahani yako na kijiko, kachumbari iache kwa siku hiyo. Ukichoka kaa, hakuna aliyekulipa. Lakini chakacha mwanangu ni ya kiuno, na poti iko kifuani.